Makofi Yaliyowahamisha Popo

Siku za wageni, Mize aliamka na nazi. Alikuna nazi nne kabla jua halijapanda. Alichuja tui, akaweka wali jikoni, akageukia pweza wake. Uwanja alikuwa ameshaufagia.

Mize na mumewe, Silima, waliishi Kichangani. Ni kitongoji kidogo karibu na Chokocho, kusini mwa Pemba. Mbele ya kitongoji kuna hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani. Ng'ambo ya hori kuna kijisiwa kiitwacho Kidundo. Pembeni kimezungukwa na mikoko. Katikati kina miti mirefu ya zamani. Hakuna mtu anayekaa Kidundo. Wanaokaa ni popo.

Si wale popo wadogo wa darini. Hawa ni popo wakubwa. Wana manyoya mekundu na uso mrefu kama wa mbwa mdogo. Popo mmoja akikunjua mabawa, upana wake ni kama wa mtu mzima aliyenyoosha mikono yote miwili.

Wageni walitoka mbali kuja kuwaona. Jabir, mtembeza wageni wa Chake Chake, aliwaleta kwa gari. Mzee Kificho, jirani yake Mize, aliwavusha kwa mtumbwi wake. Silima aliwaongoza kisiwani. Wakirudi, walikula kwa Mize. Mwenye madafu aliuza madafu. Mwenye mikeka aliuza mikeka.

Kisha ikaja korona.

Ndege zikaacha kuja. Hoteli zikafungwa. Jabir akaacha kupiga simu. Silima akarudi kwenye muhogo wake. Mzee Kificho akaanza kukata mikoko ya Kidundo na kuipakia kwenye mtumbwi. Aliiuza kwa wajenzi na kwa wachoma chokaa. Watu walimwona, wakanyamaza. Kila mtu alikuwa na njaa yake.

Ikaja na hofu. Bi Mgeni, mama yake Silima, alisikia maneno kwenye maziko.

"Maradhi haya yameletwa na popo," alisema. "Na sie tumewafuga mlangoni!"

Siku chache baadaye, vijana walivuka wakachoma makumbi mabichi ya nazi chini ya miti ya Kidundo. Moshi ulipanda mchana kutwa. Popo wengine walihama. Wengine walibaki.

Mize aliutazama moshi ule kutoka uwanjani kwake. "Kwani nani kawaona popo wa Pemba wakiumwa?" aliuliza.

*

Miaka ikapita. Korona ikapungua, watu wakaanza kusafiri tena. Asubuhi moja simu ya Silima ililia.

"Nina wageni sita," alisema Jabir. "Wanataka popo. Popo wapo?"

"Wapo!" alijibu Silima. Alicheka peke yake kama mtu aliyeokota pete.

Siku hiyo Mize alivuka nao. Alibeba chai ya tangawizi na mikate ya kumimina. Walipofika chini ya miti, popo walikuwa wamening'inia kimya, kichwa chini, miguu juu. Walijifunika mabawa kama watu waliojitanda kanga.

Wageni walitazama, wakanong'ona. Mmoja alisema kitu kwa Jabir.

"Wanauliza kama wataruka," alisema Jabir.

"Wataruka sasa hivi," alisema Silima.

Alifanya kama alivyofanya miaka yote. Alipiga makofi kwa nguvu. Akachukua debe kuukuu, akaligonga kwa jiwe. Ga! Ga! Ga!

Popo wote wakaruka kwa mara moja. Mbingu ikajaa mabawa na makelele. Kamera zikalia. Silima akasimama katikati na debe lake, ametabasamu.

Ndipo kitu kidogo kikaanguka. Kilidunda kwenye tawi, kikatua matopeni, karibu na mguu wa Mize. Kilikuwa kitoto cha popo. Macho yalikuwa wazi. Kilifungua mdomo mara mbili, kisha kikatulia. Juu yake, popo mmoja alizunguka na kuzunguka. Alilia kwa sauti nyembamba.

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, alishusha kamera. Alimtazama Mize, akauliza neno.

"Anauliza kwa nini kimeanguka," alisema Jabir polepole.

Silima aliangalia debe lake. Chai ilinywewa nusu. Wageni walirudi mapema, na chakula kilibaki.

Wiki iliyofuata Jabir alileta watu wengine wanne. Walivuka, wakatafuta, wakainua shingo mpaka zikauma. Kidundo hakukuwa na popo hata mmoja.

"Bwana Silima, sikilizeni," alisema Jabir wakati wa kuondoka. "Mimi siwezi kuleta watu kutazama miti mitupu. Mkiwapata popo wenu, nipigieni."

*

"Ni ule moshi," alisema Silima usiku ule, akila bila hamu. "Au ni mikoko aliyokata Mzee Kificho."

"Moshi ni wa zamani, Baba Hudhaifa," alisema Mize. Hudhaifa ni mtoto wao wa kwanza. "Mikoko pia. Juzi walikuwepo. Tuliwaona."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Lakini nataka kujua."

Silima aliosha mikono. "Nimewaongoza wageni miaka minane. Leo nifundishwe popo?"

Mize hakubishana. Kulipokucha alivaa baibui, akapanda gari ya Chake Chake. Aliuliza mpaka akafika ofisi ya misitu. Humo alimkuta mwanamke kijana kidogo kuliko yeye, anasafisha darubini kwa kitambaa. Aliitwa Bi Yumna, mkaazi wa Tibirinzi.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salamu. Karibu, dada. Nikusaidie nini?"

"Popo wetu wamehama," alisema Mize. "Nimekuja kuuliza kwa nini."

Bi Yumna aliweka darubini mezani. "Watu huja hapa kuomba ruhusa ya kukata mti," alisema. "Wa kuuliza popo ni wewe wa kwanza mwaka huu. Kaa kitako, nieleze."

Mize alieleza yote: moshi, mikoko, makofi, debe. Alipofika kwenye kitoto, alionyesha kwa viganja ukubwa wake.

"Dada, popo halali usiku kama sie," alisema Bi Yumna. "Usiku ndiyo kazi yake. Mchana ndiyo usingizi wake. Sasa fikiria mtu anakuja nyumbani kwako saa nane za usiku. Anagonga debe dirishani. Wewe una mtoto kifuani. Utafanyaje?"

"Nitakurupuka."

"Na mtoto?"

Mize alikikumbuka kitoto kile matopeni.

"Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka," aliendelea Bi Yumna. "Humbeba kifuani. Akikurupushwa, mtoto huweza kuanguka. Akikurupushwa mara nyingi, huhama. Hatawaaga."

"Wamekwenda wapi?"

"Hilo sijui. Lakini unaweza kuwatafuta. Popo hawali tunda lote. Hutafuna, wakafyonza maji, wakatema makapi. Angalia asubuhi chini ya miti ya matunda. Na magharibi, wakianza kutoka, tazama wanatokea upande gani. Ila usishike wala usile tunda waliloling'ata."

"Kwani wana maradhi?"

"Mnyama wa mwitu yeyote anaweza kuwa na vijidudu. Popo, kima, hata panya. Kwa hiyo hatuwashiki, hatuwali, na tunaosha matunda. Lakini popo aliye juu ya mti wake, nawe uko mbali, hana dhara kwako. Anayemfuata mwenzake ni mtu. Si popo."

Mize aliuliza maswali mengine kumi. Mbona hawaanguki wakilala? Bi Yumna alimwambia kwamba mishipa ya miguu yao hujifunga yenyewe wakining'inia, hawahitaji kukaza. Je, ni vipofu? Hapana, hawa wanaona vizuri sana. Wana faida gani?

"Nyumbani una mto wa sufi?" aliuliza Bi Yumna.

"Ninao."

"Maua ya msufi hufunguka usiku. Popo huja kunywa utamu wake, akatoka na unga wa ua usoni, akaupeleka ua jengine. Ndipo msufi unazaa. Na mbegu za mikuyu na matunda mengi ya msitu, yeye ndiye anayezipeleka mbali. Tena popo hawa kwa asili hawako pengine popote duniani. Ni wa Pemba tu."

Mize alirudi Kichangani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa.

*

Magharibi tatu alisimama ufukweni kabla ya adhana na kutazama juu. Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya pili aliona watatu. Ya tatu aliona wengi, wakija kutoka upande wa mashariki. Asubuhi alifuata njia ya upande huo. Chini ya mwembe wa kwanza aliona makapi makavu kidogo, ya duara, kama tonge lililobanwa. Chini ya mkuyu aliona mengi zaidi, mabichi.

Siku ya nne alimwambia mumewe, "Twende pamoja."

"Nina shamba."

"Shamba halihami, Baba Hudhaifa. Popo wanahama."

Silima alicheka bila kupenda, akavaa makubadhi.

Walitembea mwendo wa saa moja. Makapi yaliwaongoza mpaka nje ya kijiji cha jirani, kwenye makaburi ya zamani. Pale miti haikatwi, na watu hawapigi kelele kwa heshima ya waliolala. Mize alishika mkono wa mumewe, akaonyesha juu. Matawi yote yalikuwa yamening'iniwa na popo.

Silima aliinua mikono. Ni mazoea tu, mikono ilijiinua yenyewe. Mize aliikamata kabla haijakutana.

"Kaa," alinong'ona. "Tukae tu."

Walikaa kwenye majani makavu, mbali kidogo. Mwanzo hakukuwa na la kuona. Kisha popo wakazoea kuwa watu wapo. Mmoja alijipepea kwa bawa, kwa sababu ya joto. Wawili waligombea tawi, wakazomeana kama majirani wanaogombea kisima. Mmoja alikuwa akijisafisha manyoya kwa ulimi. Na mmoja, wa chini kabisa, alifungua bawa kidogo. Ndani yake kulikuwa na kichwa kidogo chenye macho makubwa. Kilichungulia nje, kikawatazama. Mama yake alikifunika tena.

Njiani kurudi Silima alisimama.

"Mize, miaka minane nimewaonyesha watu migongo ya popo wanaokimbia," alisema. "Uso wa popo nimeuona leo."

*

Bi Yumna alikuja Kichangani kwa pikipiki yake. Sheha, kiongozi wa eneo lile, aliita watu barazani. Walikuja wengi, baadhi kwa hamu, baadhi kwa shaka. Bi Yumna aliwaeleza kama alivyomweleza Mize.

Mzee Kificho alinyoosha mkono. "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini mikoko niliikata mie. Wote wanajua. Wakati ule sikuwa na njia. Sasa mnataka kunishitaki?"

"Sikuja kushitaki, mzee wangu," alisema Bi Yumna. "Nimekuja kuuliza. Kabla hujaikata, upepo wa kusi ulipovuma, miti ya katikati ya Kidundo ilitikisika?"

Mzee Kificho alifikiri. "Haikutikisika sana. Mikoko ilikinga."

"Na samaki wadogo, kaa na chaza, walikuwa wapi?"

"Kwenye mizizi ya mikoko."

"Basi majibu unayo wewe, mzee wangu."

Mzee Kificho alikaa chini, akakuna ndevu.

"Na korona ikirudi?" aliuliza mwanamke mmoja. "Wageni wakikatika tena, tutakula popo?"

Watu walicheka, lakini Bi Yumna hakucheka. "Swali zuri," alisema. "Msitegemee wageni wa ng'ambo peke yao. Waiteni watu wa Wete, wa Unguja, wa Dar es Salaam. Waiteni watoto wa skuli. Na shamba lisiachwe, na bahari isiachwe. Utalii uwe mguu mmoja. Mtu hasimami kwa mguu mmoja."

Siku ile walikubaliana. Hakuna makofi, hakuna debe, hakuna moshi. Wageni hawazidi sita kwa mara moja. Hawasogei karibu na miti. Watajenga kibanda cha makuti hatua sitini kutoka kwenye miti, chenye vidirisha vya kuchungulia. Na mikoko itapandwa upya. Silima mwenyewe alilipeleka lile debe kwa fundi, likakatwa kuwa kikaango.

Kupanda mikoko hakukuwa rahisi. Wanawake waliokota mbegu zake ndefu, wakazichomeka matopeni wakati maji yametoka. Safu za kwanza zilikufa karibu zote. Mzee Kificho alizitazama, akatikisa kichwa.

"Mmepanda juu sana, penye mchanga," alisema. "Mkoko unataka tope. Nimeikata, najua ilipokuwa imesimama. Njooni niwaonyeshe."

Aliwaonyesha. Safu za pili zilishika.

Lakini popo hawakurudi. Mwezi ulipita, ukapita wa pili. Watu walianza kumnong'onea Silima. "Kibanda kizuri, bwana. Cha kutazamia nini?" Jabir alipiga simu mara moja tu. Kuna siku Silima aliingia jikoni akasema labda afadhali aende bara kutafuta kibarua.

"Wakirudi ukiwa bara, nani atawaongoza wageni?" aliuliza Mize.

"Wewe. Unajua kuliko mie."

Hakusema kwa hasira. Mize aliona kwamba ni kweli. Tangu siku ile alianza kuvuka kila Jumatano pamoja na Mzee Kificho. Alikaa kibandani saa moja, akaandika kwenye daftari: leo hakuna. Leo hakuna. Leo hakuna.

Mwezi wa tano wa kungoja aliandika: leo saba.

Wiki mbili baadaye walikuwa thelathini. Msimu wa maembe ulipofika, hakuweza tena kuwahesabu peke yake. Bi Yumna alikuja na darubini, wakahesabu pamoja. Walifika mia mbili na kumi na mbili. Silima alimpigia simu Jabir.

*

Miongoni mwa wageni wa mwanzo alikuwepo baba mmoja kutoka Dar es Salaam, na mkewe na binti zao wawili. Walikaa kibandani robo saa. Baba yule alikuwa na simu nzuri, na haraka.

"Kaka," alimwambia Silima kwa kunong'ona, "wamelala tu. Piga makofi kidogo. Mara moja tu, wapae, nipate video. Nitakuongeza kitu, si haba."

Mize alimtazama mumewe. Kitu kile walikihitaji. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, na Hudhaifa alikuwa anataka viatu.

Silima alitikisa kichwa. "Nilikuwa nikipiga, bwana wangu," alisema. "Siku ya mwisho niliyopiga, mtoto alianguka akafa. Mama yake alimlilia hapo juu. Sipigi tena, hata kwa mali ya sultani. Lakini nipe nusu saa. Kama hukuona kitu, usinilipe."

Baba yule alikunja uso, lakini alikaa. Mize alimpa binti mkubwa darubini, akamwelekeza tawi la chini. Dakika zikapita. Ghafla binti yule alishika mkono wa baba yake.

"Baba! Anamnyonyesha! Anamnyonyesha mtoto!"

Walikaa saa mbili. Baba yule alisahau simu mfukoni. Walipokula wali wa Mize, binti mdogo alikuwa bado anauliza maswali, na Mize anayajibu moja baada ya jengine. Siku ya pili walirudi tena, wamewachukua jamaa zao waliofikia Chake.

Sasa Kichangani kuna kazi tena. Jabir huleta watu, lakini huuliza nafasi kwanza. Mzee Kificho huvusha. Wanawake watano hupika kwa zamu. Skuli ya karibu huleta watoto kila muhula, sita sita, na walimu hushangaa kuona watoto wale wale wanaopiga kelele darasani wamekaa kimya.

Bado alibaki mtu mmoja asiyetaka kuvuka. Ni Bi Mgeni. "Mimi na popo hatujuani," alisema kila alipoitwa. Lakini mjukuu wake alirudi kutoka skuli na hadithi, na jirani yake akarudi na hadithi. Ikafika siku Bi Mgeni alikuwa peke yake Kichangani nzima bila hadithi. Asubuhi hiyo alijitanda kanga zake mbili, akaenda ufukweni, akakaa kwenye mtumbwi.

Kibandani, Mize alimshikia darubini. Bi Mgeni alitazama kwa muda mrefu. Kisha alitazama tena.

"Ana macho mazuri, huyu," alisema mwisho. "Nani alisema mbaya?"

Mize alijizuia kucheka. "Watu tu, mama."

"Watu wana maneno," alisema Bi Mgeni. "Hebu nisogezee kigoda. Yule pale ana mtoto."

Mzee Kificho aliita kutoka mtumbwini kwamba maji yanatoka, watakwama. Aliita mara ya pili. Bi Mgeni aliinua kidole mdomoni, akamgeukia kwa hasira.

"Punguza sauti, Kificho! Hujui wamelala?"